Picha ya Sifa Nyuma ya Lori la Unga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi ya Kibabi, nilichora ng'ombe ubaoni, na kabla watoto hawajatoka kwenda kucheza wazazi walikuwa wameshaitisha mkutano. Alikuwa ng'ombe wa kawaida tu, mwenye pembe mbili na mkia, anakula majani juu ya kilima. Baba mmoja alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniuliza kwa adabu kubwa:

"Mwalimu, ile ngombe iko ya nani?"

"Iko ya desini tu, ya kuchora, Papa."

"Sawa. Na ile mulima, iko ya nani?"

Hapo nikaelewa kwamba chuo cha ualimu kilikuwa kimeniacha gizani. Huku Masisi, ng'ombe juu ya kilima hahesabiwi kuwa picha. Ni madai ya ardhi. Nikamfuta ng'ombe, nikakibakiza kilima. Kesho yake wakaja wazazi wengine, wenye mifugo, nao kwa adabu hiyohiyo: "Mwalimu, tunasikia umefukuza ngombe." Mwishowe nikachora kuku, kwa sababu kuku yuko kwa kila mtu na hakuna aliyewahi kugombea kilima kwa ajili yake. Nilifundisha kuku kwa miaka mingi. Mkikutana na mtu mzima wa Kibabi anayechora kuku wa kutamanisha, halafu hajui kuchora kitu kingine chochote, mjue amepita mikononi mwangu.

Ninyi walimu vijana wa desini mmeniomba niwaachie mbinu, sasa kwa kuwa nimestaafu na mkono wangu umeanza kutetemeka bila kuniomba ruhusa. Mkuu wa shule alitaka tuiite "metodi". Mimi nitawasimulia nilivyojifunza, kisha nitawasimulia picha moja niliyoikosea kabisa. Kulikuwa na mama mmoja pale Lushebere aliyeitegemea picha hiyo imrudishie mtoto wake, na alikuwa hana kitu kingine cha kutegemea.

Chuoni tulifundishwa kuchora silinda, koni na mche mraba. Nilikuwa hodari sana wa silinda. Lakini katika maisha yangu yote ya kufundisha hakuna mtoto wa Masisi aliyeniletea silinda akasema mwalimu, tuchore hii. Wao waliniletea vyura. Basi likizo ya kwanza nilishuka hadi Kirotshe, ziwani, kumtafuta mzee mmoja, Papa Bauma, aliyekuwa akichora mabango ya vinyozi, famasi na nyumba za pombe, na ambaye watu walisema wagonjwa hospitalini waliinuka kitandani ili kuutazama vizuri ukuta aliouchora. Nilidhani atanipokea kama mwenzake. Alinipa kipande cha ubao na kunituma nitafute mawe ya redio, yaani betri, yale yaliyokwisha nguvu.

Kwa wasiojua: ubao mweusi wa shule zetu hauji kutoka kiwandani. Unapasua mawe ya redio, unatoa ule unga mweusi wa ndani, unautwanga pamoja na majani ya viazi vitamu mpaka yatoe maji, halafu unapaka ubao, unauacha ukauke, unapaka tena. Ukikosea majani, ubao unakataa chaki kama mtoto anayekataa dawa. Makaa ya kuchorea usiyatoe kwenye mkalitusi, ni magumu, yanakwaruza karatasi. Tafuta kijiti cha mti laini, ukichome kwenye kopo lililofunikwa. Karatasi bora kuliko zote ni mfuko wa saruji, ile ya katikati isiyogusa saruji wala mvua. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba vifaa hivyo haviko katika programu ya taifa. Nikamwomba anionyeshe vilivyomo. Alinionyesha orodha yenye rangi za maji za aina kumi na mbili, tukacheka wote wawili, akasaini akaenda.

Papa Bauma alinifundisha jambo moja ambalo halimo katika programu yoyote. Alinikalisha kando ya barabara siku ya soko, akina mama wanapanda kutoka ziwani na mizigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Nikaanza kuchora nyuso. Akaninyang'anya makaa.

"Unaanza na muntu ju ya nini?"

"Si ninachora muntu, Papa?"

"Anza na muzigo. Chora muzigo kwanza, uwekee kilo zake. Kisha uulize: chini ya hii kitu, muntu anasimama namna gani? Yeye mwenyewe atakuya. Sura inaweza kukudanganya. Mugongo haidanganyake."

Nilitii. Nilichora magunia, kuni, madebe ya maji, na chini ya kila mzigo mtu alijitokeza mwenyewe, ameinama kwa namna yake, na hakuna wawili walioinama sawasawa. Nilirudi Kibabi nikiwa na dharau kubwa kwa silinda.

Baadaye nilihamishiwa Masisi-centre, na hapo mashirika yakanigundua. Mchoraji huku hali kwa shule peke yake. Anakula kwa mabango. Nawe mikono, tumia choo, peleka mtoto chanjo: nimechora vyote, na kama vyoo vyote nilivyochora vingejengwa, Masisi lingekuwa jimbo la vyoo. Shirika moja likaniagiza bango la amani. Wanaume wawili wanapeana mikono, basi. Nikachora. Kamati ikaundwa kulichunguza, kila jamii na mjumbe wake, nayo ikaanza na pua.

"Huyu wa kushoto, pua yake tunaijua," akasema mjumbe mmoja.

"Na huyu wa kuume njo mwenye anatoa mukono wa kwanza," akasema mwingine. "Kusema njo yeye mwenye makosa?"

Nikazifupisha pua. Upande mmoja ukalalamika. Nikazirefusha. Mwingine ukalalamika. Penye wengi hapaharibiki neno, wahenga walisema, ila hawakusema lolote kuhusu pua. Mwisho niliwachora wote wawili wametugeuzia mgongo, wanatazama jua. Kamati ikapiga makofi. Bango likabandikwa hadi Walikale, na watu wengi waliolisoma walielewa kwamba wanaume wawili wamegombana na hawataki kutazamana.

Nilikuwa nimeshazeeka katika kazi hiyo ya kuchora migongo nilipoitwa Lushebere, kwenye kambi ya waliokimbia vita. Kijana wa shirika linaloshughulika na watoto waliopotea alinipokea. Alikuwa na jile, kizibao chenye mifuko mingi, na kila mtu alimwita Chargé, kwa cheo chake, yeye pia alijiita hivyo, kwa hiyo nami nitamwita hivyo. Si kijana mbaya. Alikuwa analala kidogo na kula vibaya kama sisi sote, na alikuwa ameshawarudisha watoto wengi kwa wazazi wao kwa kutumia picha. Shida yake siku ile ilikuwa mama mmoja asiye na picha.

Mama Sifa alitoka kijiji cha upande wa Walikale. Siku ya kukimbia, kila mtu alikamata njia aliyoiona mbele yake, na binti yake Sifa, mtoto wa kama miaka minane, akapotelea katika watu. Simu yenye picha zake ilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikaungua. Chargé akataka nichore uso wa mtoto kwa maneno ya mama, na uchorwe kwa kanuni: uso peke yake, unatazama mbele, haucheki, nyuma hakuna kitu.

Tuliketi mbele ya kibanda chake, mimi na mfuko wangu wa saruji.

"Macho yake iko namna gani, Mama?"

"Iko mazuri."

"Makubwa ao madogo?"

"Iko ya kipimo yake."

"Na pua?" niliuliza, kwa woga wa mtu aliyeshaungua.

"Ya baba yake."

"Na ya baba yake iko namna gani?"

"Ile ya Sifa kabisa."

Msicheke. Jaribuni wenyewe kueleza pua ya mtu mnayempenda. Nilichora uso wa kwanza, akautazama kwa heshima, akasema huyu ni mtoto mzuri, Mungu amulinde, lakini hamjui. Wa pili akasema anafanana na watu wa Goma. Kwa wa tatu machozi yalimtoka, na mimi kwa upumbavu nikafurahi, nikidhani nimepatia. Alikuwa analia kwa sababu, kwa kutazama nyuso zangu, ule wa kweli ulikuwa umeanza kumponyoka kichwani. Nilizichana zote palepale. Sijawahi kuiogopa kazi yangu kama siku ile.

Ndipo nikamkumbuka mzee wa Kirotshe. Nikamuuliza mama: mtoto alikuwa anabeba nini? Akashangaa kwamba kuna mtu asiyejua. Kuni, kila siku, kutoka msitu wa nyuma ya nyumba. Nikamwomba anionyeshe anavyobeba. Akainuka, akaazima mzigo wa kuni kwa jirani, akapitisha kamba kwenye paji la uso.

"Anatembea hivi. Akichoka, haweke muzigo chini, hapana. Anasimama. Anaweka mukono ya kushoto huku nyuma, kiganja inaangalia inje, anainua kuni kidogo, mugongo inapumuzika. Kisha anageuka kuangalia nyuma kama niko nakuya."

Akasimama hivyo, mkono nyuma, uso umegeuka juu ya bega, akitazama njia tupu. Nikaweka mzigo kwanza, nao mgongo ukaja wenyewe, na mkono, na shingo, na lile jicho la kutazama nyuma. Nikampunguza kimo awe mtoto, nikamfupisha miguu, nikamvalisha gauni alilolitaja. Mama akatua kuni, akaichukua picha.

"Ee," akasema. "Vile njo anasimamaka."

Niliipeleka kwa Chargé nikitembea kama bwana harusi. Akaigeuza huku na huku.

"Papa, uso haiko mbele."

"Ndiyo."

"Na huyu mutoto anabeba muzigo. Hii iko kazi ya watoto. Siwezi kubandika affiche ya shirika yenye mutoto anafanya kazi. Huwezi kumutosha ile kuni, kuitoa kabisa?"

"Nikimutosha kuni, muntu anabakia ameinama bure."

"Basi umuwekee sakoshi ya shule."

Nilimweleza kwamba mtoto aliyeinama vile chini ya mkoba wa shule atakuwa amebeba maktaba. Hakucheka. Aliniambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba yeye akiibandika atafukuzwa, na akifukuzwa hao watoto wengine watashughulikiwa na nani? Mama Sifa alikuwa amesimama nje akisubiri, na ilinibidi nimwambie kwamba mtoto wake amekataliwa kwa sababu ya kuni.

Sasa, wakati uleule nilikuwa na kazi kwa Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye duka Masisi-centre na lori linalopeleka unga wa muhogo, chumvi na sabuni mpaka Walikale. Alitaka mlango wa nyuma wa lori uchorwe simba. Nilimwambia simba wamejaa barabarani, na wengi wao wanafanana na mbuzi mwenye ndevu. Nikamwonyesha mfuko wa saruji, nikamweleza habari ya mama. Alijikuna kidevu, akafanya ishara ya msalaba.

"Mimi pia niko na batoto. Muweke. Lakini chini uandike jina la duka, lori haiwezi kutembea bure."

Nikamchora Sifa kwa rangi ya mafuta, mkubwa, mlango mzima. Juu yake nikaandika SIFA kwa herufi za kuonekana mbali. Chini nikaandika kwamba mama yake anamtafuta na yuko Lushebere. Na chini kabisa, kwa kuwa mkataba ni mkataba: UNGA KWA KAMBALE. Mama Sifa alikuja siku lori linaondoka. Alilisindikiza mpaka kona, akarudi anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nyinyi mnaoijua barabara ya Walikale mmeshaelewa nilichosahau. Matope. Lori likitembea saa moja, nusu ya chini ya mlango wa nyuma haisomeki. Shofa alikuwa mtu msafi: kila akifika sokoni alipangusa mahali pa jina la duka, kama alivyoagizwa na tajiri wake, na mahali pengine hakupagusa. Kwa hiyo soko zima lilisoma SIFA, likaona mtoto mwenye afya anayeweza kubeba mzigo mkubwa, na chini likasoma UNGA.

Lori liliporudi, mama alikuwa wa kwanza barabarani.

"Shofa, kuko habari?"

"Habari iko muzuri sana, Mama! Unga imeisha yote. Bantu banasema: tuletee tena ile ya Sifa."

Safari iliyofuata ikawa hivyohivyo. Watu walisema unga wa Sifa unashiba vizuri kuliko wa zamani, ingawa ulitoka kwenye magunia yaleyale. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huu ulifanya vyote viwili. Nikamsihi shofa aifute nusu yote ya chini, akaifuta kwa muda mpaka mvua ikamrudisha kwenye desturi. Papa Kambale, kwa nia njema kabisa, akaniita akaniomba nichore Sifa mwingine kwenye lori la pili.

Mama aliendelea kuja. Alisimama tu kando ya barabara, shofa akatikisa kichwa, naye mama akapewa bakuli la unga na kurudi kambini. Mimi nilianza kupitia njia nyingine. Unga ule uliuzwa kwa jina la mtoto wake, naye aliupika na kuula, na mimi ndiye niliyeliandika jina hilo. Niliona aibu, na aibu hiyo haikunisaidia kuchora kitu bora zaidi.

Kisha siku moja lori liliingia Masisi likipiga honi tangu mbali. Mbele, kati ya shofa na mama mmoja nisiyemjua aliyevaa kitambaa cha kanisa, alikuwa ameketi msichana. Chargé alikuwa ameshaarifiwa kwa simu na ameshafika na jile yake, na lazima niseme alikuwa amekimbia mpaka hana pumzi.

Shofa alisimulia huku anafunga breki ya mkono. Katika soko moja huko Walikale, msichana huyu alilikamata lori kwa mikono miwili kwenye mlango wa nyuma, akakataa kuachia. Wakadhani anataka unga. Wakampa. Akautupa.

"Namuambia: Mutoto, achiliya, tunaenda. Ananiambia: huyu iko mama yangu. Namuambia hapana, huyu iko mutoto, iko Sifa wa unga. Ananiambia: Sifa njo mimi. Huyu iko mama."

Nikazunguka nyuma ya lori kuitazama kazi yangu. Mkono wa kushoto nyuma, kiganja nje, uso juu ya bega. Nilikuwa nimemwambia mama anionyeshe mtoto, akanionyesha, nami nikamchora yule aliyesimama mbele yangu, nikampunguza kimo. Sifa mwenyewe, aliyeshuka sasa kutoka kwenye lori, hakufanana na picha hata kidogo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye paji pana, na alitembea wima kama aliyemeza mwiko. Kuni za nyumbani kwao, kama alivyotuambia mwenyewe, zilibebwa na mama, na mtoto alitembea nyuma; mama, katika kumtafuta mtoto kichwani, alikuwa amenionyesha mwili wake mwenyewe.

Yule mama wa kanisa alikuwa amemlea muda wote huo pamoja na watoto wake, na sasa alikuwa amekuja naye ili kuona kwa macho kwamba anampeleka kwa mwenyewe. Hakuhitaji kungoja. Mama Sifa alikuwa amesimama mahali pake pa kila siku. Alipomwona mtoto aliketi chini, hapohapo katika matope, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mtoto akaja akaketi juu yake ingawa alikuwa ameshakuwa mkubwa kwa kupakatwa.

Chargé alituomba tusogee apige picha, uso mbele. Hakuna aliyesogea, naye mwenyewe akairudisha simu mfukoni.

Mtoto alikuwa anamshika mama yake masikio, nywele, kidevu, akihakikisha. Kisha akavuta uso nyuma akamtazama kwa hasira, hasira kamili ya mtoto aliyeonewa.

"Mama, kila siku ya soko nilikuwa nakuona nyuma ya gari. Unaniangalia. Nakimbia, nakuita, na wewe unaenda tu. Ju ya nini ulikuwa hausimame?"

Mama Sifa hakuwa amewahi kujua kwamba yuko kwenye lori. Alitazama kule, akaiona picha, akanitazama mimi, na nilifungua mdomo nieleze. Hakuningoja. Alimfuta mtoto matope usoni kwa ncha ya kitenge.

"Unisamehe, mutoto yangu," akasema. "Gari haikukuwa yangu."